Akisema "Nilisikia", Utamwamini?

Wapendwa vijana, leo tuongee jambo ambalo wengi hatulifikirii mpaka ndugu yetu aingie chumba cha upasuaji.

Mtu akipewa nusu kaputi tunasema kalala, hajui kitu. Kwa walio wengi ni kweli. Lakini wapo wachache wanaozinduka katikati ya upasuaji. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland, uliotolewa mwaka 2014, ulikuta taarifa moja ya namna hiyo kwa kila nusu kaputi 19,000 hivi. Kwenye upasuaji wa moyo na kifua, moja kwa kila 8,600 hivi. Maana moyo dhaifu hauhimili dawa nyingi ya usingizi. Presha inaweza kushuka vibaya, hivyo daktari hutoa kwa uangalifu. Pia hutolewa dawa ya kulegeza misuli. Sasa hebu fikiria: unasikia sauti, pengine na maumivu, na huwezi hata kufumbua jicho.

Baadaye mgonjwa akisimulia, tunamjibuje? "Ulikuwa unaota. Mshukuru Mungu umepona." Tunadhani tunamfariji, kumbe tunamfunga mdomo mara ya pili.

Utaniuliza: je, kama kweli aliota? Inawezekana, dawa hizo huleta ndoto pia. Lakini kumsikiliza siyo kutoa hukumu. Unaweza usijue kilichotokea mle ndani, ukaamini kwamba mtu huyu ameumia. Kisha msindikize kwa daktari wa usingizi amweleze yote, ili hata siku nyingine akifanyiwa upasuaji wajue.

Mwingine atasema, "Mtolee Yesu mateso yako." Ni neno zuri, ila sadaka hiyo huitoa mwenye mateso mwenyewe, kwa hiari. Sisi tusiitumie kumnyamazisha. Papa Pio XII, akizungumza na madaktari mwaka 1957, alifundisha kwamba Mkristo anaruhusiwa kutumia dawa ya kuondoa maumivu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba aliumia hajapungukiwa imani.

Kumbukeni wale wanawake waliotoka kaburini asubuhi ya Pasaka. Mitume waliwaona wanasema upuuzi, kumbe walibeba habari ya kweli kuliko zote.

Wiki hii ukienda kumwona mgonjwa, muulize ilikuwaje. Halafu nyamaza, usikilize mpaka mwisho. Hiyo nayo ni huruma. Mungu awabariki.