Ukuta wa Dari na Shimo la Madini

Walimu wa vijijini, someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Hapo Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta juu ya dari yake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Labda mtu wa Bukoba au Muleba atauliza, Neno hili latuhusu nini? Hakuna apandaye juu ya msonge kupunga upepo! Lakini angalieni: Mungu hakungoja mtu aanguke. Alimdai mwenye nyumba kabla.

Kazi ya madini si ngeni kwetu. Huko Katuruka, karibu na Maruku, yamefukuliwa matanuru na mavi ya chuma ya zaidi ya miaka 2000. Wazee wetu walitoa chuma ardhini, kama Ayubu asemavyo katika sura ya 28, wakapata majembe. Siku hizi vijana huenda Geita na Kahama kutafuta dhahabu.

Tarehe 5 Oktoba 2015 mgodi uliporomoka huko Nyangarata, wilaya ya Kahama, na watu 6 wakabaki chini gizani. Walikula mizizi na wadudu. Baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai. Wa sita alikuwa amekwisha kufa. Twamshukuru Mungu kwa hao watano, na ni haki.

Ila nataka kunena juu ya mashimo yote, hata ya mchanga na moramu kando ya barabara zetu. Mtu huchimba chini, akaacha udongo wa juu ukining'inia. Mvua hunyesha, udongo huwa mzito, hushuka. Kisha twakaa matangani tukisema, "Ni amri ya Mungu." Ndugu, yaliyokuwa amri ya Mungu ni ule ukuta! Gogo la kuzuia udongo lilikuwa na bei, na mtu fulani aliona ni ghali. Hata sheria ya nchi ya mwaka 2003, ya usalama na afya mahali pa kazi, humdai mwajiri kuwalinda watu wake.

Basi mwalimu, kijana ajapo kuaga aende machimboni, usimwombee tu. Mwulize: Shimo limewekwa magogo? Kamba ni nzima? Nani hulikagua baada ya mvua? Na kama mwenye shimo ni mzee wa kanisa lako, nenda ukamwulize yeye kwanza.