Baba wa Roboti

Tetsuwan Atom ni roboti mwenye umbo la mtoto wa kiume, aliyebuniwa na mchoraji wa Kijapani Osamu Tezuka. Hadithi yake ya vibonzo ilitoka katika jarida la watoto la Shonen kuanzia 1952 hadi 1968, na nje ya Japani anajulikana zaidi kwa jina la Astro Boy. Wengi humkumbuka kwa nguvu zake za farasi 100,000 na miguu yake inayotema moto. Swali zito la hadithi, hata hivyo, linazuka kabla hajapigana na yeyote.

Daktari Tenma, mkuu wa Wizara ya Sayansi, anafiwa na mwanawe Tobio katika ajali ya gari. Kwa uchungu anaunda roboti anayefanana na marehemu, anamlea na kumfundisha kama mwanawe. Muda unapita, naye anagundua kwamba mtoto harefuki. Hasira zinampanda, anamuuza kwa watu wa sarakasi. Anayemtoa huko ni Profesa Ochanomizu, ambaye baadaye anamuundia hata wazazi wa roboti.

Katika ulimwengu huo roboti wana sheria zao, na mojawapo inaamuru roboti amwite baba binadamu aliyemuunda. Hakuna inayomtaka binadamu aitike.

Kwa Mwislamu au Mkristo, roho hutoka kwa Mungu, na kifaa kilichoundwa karakanani hakina. Japani mpaka huo si mkali hivyo: katika dini ya Shinto mti au mwamba huweza kuwa na uungu, na tangu 2015 hekalu moja la Kibuddha mjini Isumi limewafanyia ibada ya mazishi mbwa wa roboti aina ya AIBO. Lakini Tenma hamkatai Atom kwa kukosa roho. Anamkataa kwa kutokukua. Kwa kipimo hicho hata mtoto wa damu aliyedumaa angeuzwa. Tenma ni mtu, hilo halina ubishi. Kilichopungua ni utu.

Filamu za katuni za televisheni zilianza Januari 1, 1963, zikafikia vipindi 193. Katika kipindi cha mwisho, Desemba 31, 1966, Atom anajitosa kwenye jua ili kuiokoa dunia. Ni mwisho wa kuliza, ingawa unalikwepa swali la utu: roboti anahesabiwa mwema kwa kuwa amewafia binadamu. Matoleo ya rangi yalifuata mwaka 1980 na 2003.

Mchoraji wa vibonzo Naoki Urasawa alilirudia swali hilo katika hadithi yake ya Pluto (2003–2009), iliyofanywa katuni mwaka 2023. Humo North No. 2, roboti aliyeundwa kwa ajili ya vita, ni mtumishi wa mtunzi wa muziki kipofu huko Uskoti. Anaomba afundishwe piano, kwani hataki kurudi vitani. Mzee anamfukuza kwa maneno makali: mashine haiwezi muziki. Roboti anavumilia, anaendelea kumhudumia na kuuliza tena, mpaka mzee analainika na masomo yanaanza. Kisha adui anakuja, na North No. 2 anaruka angani kumkabili. Mzee haoni kitu. Anasikia wimbo ukishuka kutoka juu, halafu mlipuko, naye anabaki nje akimsihi arudi haraka wafanye mazoezi ya piano.