JINA LA MUNGU JUU YA SARAFU

Ndugu msomaji, mwanafunzi mmoja aliweka mezani pangu senti ya Marekani akaniuliza: "Mwalimu, taifa liandikalo juu ya fedha yake kwamba linamtumaini Mungu, je, si taifa la wachamungu?" Swali hili lastahili kutafakariwa.

Maneno hayo yalizaliwa vitani. Tarehe 13 Novemba 1861, Wamarekani walipokuwa wakiuana wao kwa wao, mchungaji M. R. Watkinson wa Pennsylvania alimwandikia Waziri wa Fedha, Salmon P. Chase. Alihofu kwamba dola yao ikivunjika, watu wa baadaye wataziokota sarafu zao na kudhani walikuwa wapagani. Chase alikubali, na mwaka 1864 maneno hayo yakatokea kwa mara ya kwanza juu ya sarafu ya senti mbili. Lakini angalia, ewe msomaji: utumwa haukufutwa katika nchi nzima hadi Desemba 1865. Kwa zaidi ya mwaka mmoja serikali ile ile ilitoa sarafu ya kumtumaini Mungu, na baadhi ya majimbo yake yakali yakimhesabu mwanadamu kuwa mali ya mwenzake.

Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt alitoa sarafu mpya za dhahabu bila maneno hayo. Wengi walimlaumu. Yeye alisema kuyaweka juu ya fedha ni kuyavunjia heshima, maana watu huyafanyia mzaha. Na kwa maoni yangu hakukosea sana. Bunge likayarudisha mwaka 1908, na mwaka 1955, katika siku za uadui na Urusi ya kikomunisti, likaamuru yawe juu ya fedha zote, hata noti.

Nasi watu wa pwani tusiwacheke. Masultani wa Kilwa, kabla ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505, walipiga sarafu za shaba zenye maneno ya vina kwamba Sultani anamtegemea Bwana wa neema. Je, maneno hayo yaliunyoosha mkono wa mpimaji sokoni? Mtu aweza kupokea sarafu yenye jina la Mwenyezi Mungu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaigandamiza mizani. Ndiyo maana Kurani Tukufu ina sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao.

Nilimrudishia kijana senti yake, nikamwuliza aliipataje. Nawe nakuuliza vivyo hivyo juu ya zako.