Fundi, Zima Mashine Kwanza!

Fundi wa Nyakisasa, unajua! Huhitaji kuhubiriwa jipya. Kamasi unazopenga jioni ni unga wa mninga, kohozi la asubuhi lina rangi ya mbao, na mkeo amezoea kulala akisikiliza kifua chako kikilia. Unajua, na bado unasema: nitafunga kivuta vumbi nikimaliza oda hii.

Oda ipi? Madawati yalikwisha, ukaja mlango wa kanisa. Mlango ulikwisha, vikaja vitanda vya harusi. Vitanda vikiisha, yatakuja makabati. Oda haziishi, fundi! Kinachoisha ni pumzi.

Babu yako wa ufundi alishika randa ya mkono, nayo ikamwaga maranda mazito miguuni pake. Wewe una umeme. Maporomoko ya Rusumo, humu humu wilayani Ngara, yamejengewa mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ukafunga msumeno wa meza, ukanunua randa ya umeme, ukaongeza mashine ya msasa. Nguvu umeongeza, kasi umeongeza, vumbi umeongeza! Cha kulivuta kiko wapi?

Mwaka 1995 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliliweka vumbi la mbao kundi la kwanza, pamoja na moshi wa sigara: linasababisha saratani kwa binadamu. Mafundi samani wa High Wycombe, Uingereza, walikwisha kulipa. Miaka ya 1960 madaktari waliona saratani ya ndani ya pua ikiwapata wao kupita watu wengine kwa mbali sana. Na usiseme hayo ni ya Ulaya. Mwaka 2004 watafiti walichapisha vipimo vya vumbi la karakana ndogo za mbao za Tanzania hii hii.

Usinitajie maziwa! Maziwa yanashuka tumboni, vumbi limeshuka mapafuni, na hayo mawili hayakutani. Usinitajie leso uliyofunga puani. Usinitajie mlango ulio wazi, maana upepo wa kiangazi unaingilia huko huko na kulizungusha vumbi mpaka jikoni, mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, mpaka chumba wanacholala watoto. Wewe umechagua useremala. Wao wamechagua nini?

Basi chagua kivuta vumbi leo, na uchague sawasawa!

Usidanganywe na kiganja. Najua unavyofanya dukani: unaweka mkono mdomoni mwa bomba, unanasa, unasema, "Inavuta hii!" Inavuta mkono, ndiyo. Kimashine cha kufagilia kapeti nacho kinanasa mkono, lakini hewa kinayopitisha ni kidogo mno kwa msumeno wa meza. Uliza kiasi cha hewa kwa saa! Muuzaji asipokijua, ondoka.

Usidanganywe na usafi wa sakafu. Maranda yanaanguka yenyewe, ufagio unayatosha. Linaloingia ndani kabisa ya mapafu ni vumbi usiloliona, linaloelea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Huamini? Usiku wa leo randa ubao mmoja, zima taa, washa tochi ubavuni. Tazama kinachoning'inia kwenye mwanga ule. Hicho ndicho unachovuta!

Ili vumbi lisikwame njiani, hewa bombani iende kama mita 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo bomba la inchi 4 linapitisha takribani mita za ujazo 600 kwa saa. La inchi 6 linapitisha 1,300. Hiyo tofauti ndiyo pumzi yako! Hakuna anayemaliza kibuyu cha rubisi kwa bua jembamba, hata avute mpaka mashavu yaingie ndani. Nunua PVC ya inchi 6, ipitishe njia fupi, punguza kona. Na usiiwekee mota ndogo. Anzia hospawa 3.

Sogeza mdomo wa bomba! Ukiuweka mbali na meno ya msumeno kwa umbali uliolingana na upana wa bomba tu, kasi inabaki karibu sehemu moja ya kumi. Uweke chini ya meza, uweke nyuma ya randa, uweke pale pale vumbi linapozaliwa.

Na hewa ile itoke nje! Wenzetu wa nchi za baridi wanalazimika kuichuja na kuirudisha ndani ili wasipoteze joto. Sisi hatuna theluji. Maranda yabaki kwenye pipa, hewa itolewe mbali na dirisha lako na la jirani. Mfuko wa kitambaa uliofungwa ndani ya karakana unashika maranda na kukutemea usoni lile lile vumbi laini.

Pesa haijatimia? Toa mashine ya msasa nje leo, simama upepo ukupige ubavuni, nunua barakoa ya N95, nyunyiza maji kabla ya kufagia. Lakini usihamie hapo ukajenga!

Chomoa penseli sikioni. Pima kutoka msumeno hadi ukutani, hesabu kona, andika bei ya mota, fanya hivyo kabla hujagusa swichi. Mwenye kabati akipiga simu, mwambie litachelewa.