Kikaratasi Kwenye Skrini

Mpiga picha wa watu kazini hupenda kukuta mambo yalivyo: meza isiyopangwa, kikombe cha chai, vikaratasi vilivyobandikwa kila mahali. Na ana haki, maana ofisi iliyofagiliwa kwa ajili ya kamera haina la kusimulia. Tatizo ni vile vikaratasi.

Julai 2017, shirika la habari la AP lilimpiga picha ofisa wa operesheni wa idara ya maafa ya jimbo la Hawaii, Marekani, akiwa mbele ya skrini zake. Picha ikatoka, ikasahaulika. Asubuhi ya 13 Januari 2018, saa 2:07, idara hiyohiyo ikatuma ujumbe kwenye simu za wananchi: kombora linakuja, jificheni, si mazoezi. Lilikuwa kosa la mtu wa zamu, na zikapita dakika 38 za hofu kabla simu hizo hazijapokea kanusho. Ndipo watu wakaifukua picha ya zamani, wakaikuza, wakaisoma nywila kwenye kikaratasi cha skrini. Idara ikakiri kuwa ni ya kweli, ingawa haikuhusika na tangazo lile. Wakati huo nani alikuwa na subira ya kusikiliza?

Novemba 2012 Uingereza ilikuwa imeshapata yake. Picha za Prince William akiwa kazini, rubani wa helikopta za uokoaji, zilionyesha nywila za jeshi ukutani, ikabidi nywila hizo zibadilishwe. Ufaransa, Aprili 2015, televisheni ya TV5Monde ilishambuliwa na wadukuzi. Mwandishi wake akahojiwa ofisini kuhusu mkasa huo, na nyuma yake nywila zimebandikwa, kamera inazinasa tu.

Ruhusa ya kupiga picha kwa kawaida hutoka kwa mkubwa au ofisa habari, ambaye pengine hajawahi kukaa kwenye kiti kile. Kwake karatasi zote ni sawa. Anayejua ipi ni ratiba ya zamu na ipi ni ufunguo ni yule anayekikalia kiti hicho. Mgeuzie skrini ya kamera, ikuze picha, umuulize: "Dada, kuna kitu hapa hakifai kuonekana?" Akikuonyesha, usimwambie abandue wala apange meza. Sogea hatua moja kushoto, bega lake lizibe.