Mwendo wa Kasi na Ridhaa ya Wengine

Kila chombo hununuliwa pamoja na uwezo wake. Anunuaye jembe hununua uwezo wa kulima, na anunuaye mtumbwi hununua uwezo wa kuvuka maji. Lakini anunuaye motokaa ya mbio hununua uwezo unaozidi haja ya safari zake zote za kila siku. Atakuwa nao asubuhi aendapo kazini na jioni arudipo nyumbani, na aghalabu hatautumia. Nataka kuuliza kama uwezo huo uliozidi haja ni haki tupu ya mwenye fedha zake, au kama ndani yake kuna deni ambalo mnunuzi hudaiwa na watu asiowajua.

Swali hili sikulitunga mezani. Niliulizwa na kijana wa ukoo wetu, mzaliwa wa Wampembe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Nkasi, ambaye sasa yu kazini Dar es Salaam. Alikuja likizo, akaniamkia, akakaa kitambo bila ya kusema neno. Kisha akasema, "Baba mdogo, nimeweka akiba miaka sita. Nataka kununua motokaa ya michezo iliyotumika, itokayo Japani. Siku ambazo wapenda mbio hukodi kiwanja, niipeleke huko nishindane na saa. Siku nyingine niiendeshe njiani kama watu wote. Je, nakosea?"

Jibu langu la kwanza lilikuwa kali. Nilimwambia kuwa njia ishukayo kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hata kwao ni ya mawe na makorongo, na motokaa ambayo tumbo lake karibu lagusa ardhi haitafika. Nilimwambia pia kuwa fedha zile zingeezeka nyumba ya mama yake kwa bati. Aliinamisha kichwa kwa adabu, asinijibu. Usiku nilipolala niliona kosa langu. Nilikuwa nimemjibu juu ya mawe na juu ya bati, na yeye aliniuliza juu ya haki na kosa. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa.

Kwanza niondoe aibu isiyostahili. Wako wadharauo kitu kilichotumika, kana kwamba mkono wa kwanza hukinajisi. Wahenga walituonya kwa kusema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Yaani upya hupendeza macho hata pale unapoficha maumivu. Watu wa mwambao wa Tanganyika wana sababu kubwa kuliko wengi ya kutodharau cha zamani. Meli ya Liemba, iliyowachukua baba na babu zao pamoja na mizigo yao kwa miaka mingi, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya. Mafundi wale hawakujua nani angekuja kuimiliki, na yamkini wasingempenda kama wangalimjua. Hata hivyo mikono yao ilikitendea chombo kwa namna iliyomfaa mwenye kukipokea.

Hapo ndipo penye wajibu wa kwanza katika biashara ya vitu vilivyotumika, nao ni wajibu wa muuzaji. Motokaa ya mbio huweza kuficha mengi kuliko motokaa ya mwalimu au ya karani. Huenda iligongwa, chesisi yake ikanyooshwa na kupakwa rangi. Huenda injini yake ilizungushwa hata ukomo wa nguvu zake siku nzima kiwanjani, ingawa saa ya kilomita yaonyesha safari chache. Sheria ya Kiislamu, iliyoongoza masoko ya pwani yetu kwa karne nyingi, humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, kwa sababu ridhaa iliyopatikana kwa kufichwa si ridhaa. Naomba msomaji alishike neno hili ridhaa, maana tutarudi kwake.

Mnunuzi naye ana wajibu wake, nao ni kutojidanganya. Akitazame chombo chini kabla ya kukitazama juu. Atafute alama za kuchomelewa na kutu penye viungo vya chesisi. Apime mgandamizo wa kila silinda ya injini. Asome tarakimu nne ubavuni mwa kila tairi, maana mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, na mpira huzeeka hata ukiwa haujatembea. Tena asitumie akiba yake yote kwa bei, akasahau matengenezo. Wazee wa Ufipa waliliyeyusha jiwe la chuma katika tanuru ndefu zilizovuta upepo zenyewe bila mivukuto, na mabaki ya tanuru hizo yapo mpaka leo. Chuma cha tanuru ile kubwa hakikugeuzwa jembe papo hapo. Kilitiwa katika tanuru ndogo, kikasafishwa kwa moto wa pili, ndipo mhunzi akakiamini. Motokaa iliyotoka mikononi mwa mtu mwingine yataka moto wa pili wa fundi mwaminifu kabla ya kuaminiwa na roho za watu.

Mtu aliyelijua jambo hili vema ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho katika Kenya, fundi na mwana wa gereji. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki kwa Volvo PV544 iliyotumika, ambayo ilikuwa imekwisha kushindana katika Safari ya mwaka uliotangulia. Mashindano yale hayakuwa mchezo wa watoto: mwaka 1963 motokaa 84 zilianza, zikamaliza 7 tu. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, lakini ushindi wake wa kwanza ndio unaotufaa hapa. Ulionyesha kuwa mkono unaokijua chuma huweza kukitendea haki hata kikiwa kimechakaa, na kwamba kupenda mwendo si lazima kuwe ghururi. Kwaweza kuwa elimu.

Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana wangu kuwa tamaa yake ni uovu. Aristotle alifundisha kuwa ushujaa ni wastani kati ya woga na ujasiri wa kipofu. Mtu hawezi kuujua wastani huo kwa kusikia tu. Sharti aupime mwili wake na hofu yake. Kiwanjani kijana hujifunza wapi matairi huanza kuteleza, na jinsi majivuno yake yazidivyo ustadi wake. Dereva aliyewahi kuogopeshwa mahali penye usalama huenda akawa mpole zaidi mahali pasipo usalama. Zaidi ya hayo, furaha nayo ina haki yake katika maisha ya mtu afanyaye kazi. Nikimruhusu mwingine kununua zumari au kanzu ya tarizi, kwa nini nimkataze huyu?

Lakini mfano ule ule wa Safari watuletea shaka. Tangu yalipoanzishwa mwaka 1953, mashindano yale yalikwenda kwa miaka mingi katika njia zilizo wazi kwa wote. Motokaa za mbio zilikutana na mabasi, ng'ombe, baiskeli na watoto waendao shule. Yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, njia zilizopimwa mwendo zilifungwa kwanza. Njia zile zilifungwa kwa sababu ulimwengu ulikuwa umekiri kosa: dereva alikuwa ameridhia hatari, na mchunga ng'ombe hakuulizwa.

Jambo hili nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana niliazimwa motokaa ya mizigo, nikaishusha katika mteremko wa kwenda ziwani kwa kasi isiyokuwa na sababu, ila kwamba mteremko ulinipa na mimi nikapokea. Penye kona palikuwa na msichana mwenye ndoo ya dagaa kichwani. Alirukia majani na ndoo ikaanguka. Katika kioo nilimwona akisimama, nikajua hakuumia, nami sikusimama. Nilijiambia kuwa nimechelewa. Dagaa wale huenda walikuwa chakula cha nyumba yao au karo ya shule, nami sitajua kamwe. Kwa miaka mingi nimejitetea kuwa hakuna aliyekufa. Leo naona kuwa utetezi huo ni dhaifu, maana kutokufa kwake hakukutokana na wema wangu. Kulitokana na wepesi wa miguu yake. Mimi nilicheza, na yeye akalipa.

Hesabu nayo hunishitaki. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa sheria yetu penye makazi ya watu, hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Yaani mita 14 kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Kwa kilomita 100 hupita mita 28. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ambayo breki zapaswa kuiua huzidi mara nne. Dereva huhisi kuwa ameongeza kidogo, lakini aliye mbele yake amepunguziwa sana.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya kiwanja na njia. Kiwanjani wote huelekea upande mmoja, wote wamevaa helmeti, na kila mmoja ameingia kwa hiari yake akiijua hatari. Mahali hapo uwezo uliozidi haja hutumika kati ya watu walioridhia. Njiani, mwenye ndoo, mwenye baiskeli, bibi kizee na mbuzi wake hawakujiandikisha katika mashindano yoyote. Kwa hiyo nasema kuwa uwezo uliozidi haja si dhambi wala si haki tupu. Ni amana. Mwenye kuushika ameruhusiwa kuutumia mbele ya ridhaa, na amekatazwa kuutumia mahali ridhaa isipokuwapo.

Yupo atakayesema, "Basi motokaa moja kwa kazi mbili haina taabu; dereva abadili mwendo tu." Jibu ni kwamba chombo chenyewe kina tabia, na tabia haibadiliki kwa nia. Pedi za breki zilizotengenezwa kwa mbio hutaka joto kubwa kabla ya kushika. Asubuhi ya baridi kama ile ya Sumbawanga, zikiwa baridi, hushika kwa udhaifu. Tairi la kiwanjani lishikalo ardhi kavu kama gundi huweza kuteleza penye maji ya masika. Kizimba cha mabomba ya chuma, kimlindacho dereva mwenye helmeti, huweza kumpasua kichwa asiye nayo. Kwa hiyo atakaye kazi mbili sharti alipe gharama mbili: abadili pedi na matairi, na zaidi ya hayo abadili moyo wake langoni mwa kiwanja atokapo. Gharama hii ya mwisho haimo katika hati ya mauzo, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Asiyeweza kuilipa amenunua kitu kilichomzidi, hata kama fedha zake zilitosha.

Nilimwita kijana kabla hajarudi Dar es Salaam, nikamweleza haya, pamoja na habari ya ndoo ya dagaa ambayo sikupata kumweleza mtu. Nilimwambia anunue, iwapo atamtafuta fundi kabla ya kutafuta rangi, iwapo atauwekea mwendo mahali pake, na iwapo siku atakapoiuza atamwambia mnunuzi kila aibu anayoijua. Alifikiri kitambo. Kisha akaniuliza, "Baba mdogo, kama motokaa ile ya zamani ingalikuwa dhaifu, usingalimtisha yule msichana?"

Nilimjibu kuwa ilikuwa dhaifu. Lori bovu tu, lenye injini ichokayo mlimani. Uwezo wake mdogo ulitosha kabisa kwa kosa langu. Tangu hapo nimeona kuwa swali lake lilipita jibu langu, maana lilinionyesha kuwa amana hii haikumngojea yeye na motokaa yake ya Japani. Kila ashikaye usukani, hata wa lori, ameshika kitu cha wengine.