MTI WANGU NA MAJI YA JIRANI

Mtu akiukata mti uliomo kiwanjani mwake, je, amemkosea nani? Wengi watajibu upesi: Hakumkosea mtu, kiwanja ni chake, na shoka ni lake. Jibu hilo laonekana kuwa la haki, lakini sisi twaona halitoshi.

Tuutazame mto Msimbazi wa Dar es Salaam. Chanzo chake ki katika vilima vya Pugu, nao hupita katikati ya mji, ukateremka bonde la Jangwani na kuingia Bahari ya Hindi. Desemba 2011 mvua kubwa zilileta mafuriko katika mji ule. Watu wapatao 40 walikufa, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo mafuriko yamerudi mara nyingi.

Maji yale hayakuzaliwa bondeni. Yalitoka juu: katika mabati yetu, katika nyua zetu za saruji, na katika vilima vilivyokatwa miti kwa ajili ya mkaa. Majani ya mti huyapokea matone na kuyapunguzia nguvu. Mengine hurudi hewani kuwa mvuke. Majani makavu hufunika udongo, na mizizi huufungulia maji njia yashuke polepole. Lakini penye saruji maji hayana la kufanya ila kukimbia, tena yote kwa wakati mmoja, kumwendea yule akaaye chini.

Kweli, miti haizuii kila gharika. Mvua ikizidi kiasi, udongo nao hushiba. Mitaro yatakiwa, nayo isijazwe takataka. Tena mtu aweza kuuliza: Nani aliwaambia wajenge bondeni? Twajibu kwamba maskini hujenga pale anapopapata; na hata akiwa amekosea, kosa lake halitupi sisi ruhusa ya kummwagia maji.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu aweza kuwa na mali yake mwenyewe, lakini katika kuitumia yampasa kuihesabu kama ya wote, awe tayari kuwasaidia wenye shida. Naye hayati Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitutaka tusikie kilio cha dunia pamoja na kilio cha maskini. Basi, kivuli cha mti ni cha mwenyewe, lakini maji yazuiwayo na mti huo ni salama ya jirani ambaye pengine hatamwona kamwe.

Tusiwanyoshee wengine kidole tu. Viwanja vingapi vya makanisa yetu vimefunikwa saruji toka ukuta hata ukuta, eti kwa kuwa majani ni uchafu? Wazazi Wakristo, kabla ya masika kufika, pandeni mti pamoja na watoto wenu, na kuacha sehemu ya ua ikiwa udongo mtupu. Waambieni watoto ni kwa ajili ya nani. Amri ya kumpenda jirani haikomi penye ukuta wa nyumba yetu.